Mgeni wa Mlangoni

Milango sita ya ndani, mtaa wa Langoni.
Baba aliipaka glosi ya rangi ya maziwa
mwaka ule alioajiriwa forodhani,
akasema nyumba isiyong'aa ni nyumba ya mdaiwa.
Tukaifuta kila Alhamisi kwa kitambaa na siki.
Ukipita na taa mkononi, taa nyingine hupita nawe.

Baba hayupo. Mama amesahau kuwa kioo ni kioo,
sembuse mlango.
Saa nane za usiku namsikia:
"Karibu. Mbona wasimama? Ndoo ndani."
Amemwona bibi wa kizee, kajitanda leso kama yake,
hajibu salamu, hakai, haondoki.
Usiku mwingine humwogopa.
"Khuleita! Kuna mtu muangoni, hafumbi mato!"
Khuleita ni dada yangu, yuko Mombasa.
Mimi ndiye ninayeamka.

Glosi haifunikwi hivi hivi.
Rangi mpya juu ya ngozi inayoteleza
hubanduka kwa ukucha, kama ganda la kiazi cha kuchemsha.
Twalibu wa duka la rangi akanitolea msasa
namba mia na themanini, na mwingine laini zaidi,
andakoti, rola ya sifongo, satini lita nne
rangi ya tui la kwanza.
"Satini," akasema, "haizimi taa.
Huiteremsha sauti."

Nikavua vitasa, parafujo nikazitia kikombe cha uji.
Nikaosha mafuta ya vidole vya miaka thelathini,
nikaanza kusugua, juu kwenda chini, bila hasira;
hutaki kuutoboa mlango,
wataka uache kiburi tu.
Vumbi jeupe likanijaa kope.
Mama akapita, akanishika bega,
akanipa pole ya msiba.

Mkono wa kwanza hautoshi.
Mistari huonekana, na chini yake rangi ya baba
inachungulia kama mtu asiyealikwa.
Wa pili niliupaka alfajiri kabla ya joto,
rola kwanza, kisha ncha ya brashi, nyepesi,
kama unayempaka mtoto mafuta ya nywele akiwa usingizini.
Siku mbili milango ikakaa wazi, imezuiliwa kwa matofali,
maana satini ikiwa mbichi hung'ang'ania fremu.
Paka wa jirani akapita, akaacha manyoya matatu
kwenye mlango wa choo.
Yapo mpaka leo.

Siku ya tatu mwanga uliingia kutoka uani,
ukagusa mbao, ukakaa hapohapo.
Haukurudi na mtu.

Nikafurahi, sifichi. Nikaosha brashi nikiimba.

Mama akazunguka. Mlango wa chumba changu.
Wa chumba chake. Wa choo.
Akaweka kiganja, akakiondoa, akakinusa.
Mkono wa pili ulibeba sinia, vikombe viwili vya kahawa.
"Yu wapi yule bibi?"
Nikasema kenda kwao.
"Bila ya kuaga? Nawe ukamwata ende?"
Akaweka sinia sakafuni, polepole.
"Mgeni hafukuzwi kwa msasa, Hidaya."

Jina langu. Miezi mitano hakuwa amelipata.

Umebaki mlango mmoja, wa stoo,
mwembamba, nyuma ya gunia la mchele.
Satini ipo robo bati, imeanza kuota ngozi juu.
Msasa ninao. Juzi kulikuwa na unyevu,
jana umeme ulikatika, leo nina nguo za kufua.
Gunia nimelisogeza. Kiti chake cha kamba
nimekileta pale, kwa sababu ya upepo,
ndivyo ninavyomwambia Khuleita kwenye simu.

Namsikia sasa, anauliza habari za watoto,
anangoja kidogo,
kisha anaitikia mwenyewe:
Alhamdulillahi, wote wazima.