Namba ya Jicho la Kulia

Juni, Sokomatola. Ukungu umelala hadi saa nne,
Loleza haionekani, kana kwamba haijaumbwa.
Anyosisye Mwakyoma akaingia dukani na Zeniti yake
ndani ya mfuko wa sukari,
akailaza juu ya kaunta kama mtu anayeleta mgonjwa.

"Si kamera," akasema. "Kamera nimeipima.
Ni mimi."

Miaka miwili ya kipaimara, harusi, picha za shule,
watu wa Tukuyu wamelipa, wamepokea, wameshukuru,
hakuna aliyesema nyuso zao zimekuwa uji.
Adabu ya kwetu hiyo: humwambii mtu ugali wake mbichi
naye ndiye aliyekukaribisha.
Bibi harusi mmoja tu ndiye aliyeuliza,
"Baba, siku ile ukungu uliingia hata kanisani?"

Nikampima. Mbili na nusu, ya kujumlisha.
Rahisi, nikajisemea: miwani ya kusomea, kwaheri.
Lakini miwani ikagonga chuma, ikapata mkwaruzo,
jicho likakaa mbali na kitundu, pembe nne za fremu zikapotea,
na katikati palipobaki bado palikuwa maziwa.

Ilinichukua siku tatu kuelewa nisichofundishwa chuoni:
picha iliyo ndani ya kile kitundu
haikai karibu kama gazeti mkononi,
haikai mbali kama mlima.
Walioiunda kamera waliiweka hatua moja mbele ya uso,
pale anaposimama mtu unayezungumza naye.
Namba ya gazeti ni ya gazeti.
Ya mtu wa hatua moja ilibidi tuitafute kwa kupapasa,
mimi nikishika lenzi kwa kibano, moja baada ya nyingine,
yeye akilenga kibao cha duka la mbolea ng'ambo ya barabara:
"Bado. Bado. Rudisha ile. Hapana, ya kabla ya ile."

Moja na nusu.

Nilikuwa nayo, kwenye kopo la miwani isiyofuatwa,
ya mtu aliyelipa nusu mwaka juzi, akafa au akahama.
Nikaikata, nikaisugua kwa msasa na maji
mpaka ikawa duara la kifungo cha koti,
nikaizungushia ukanda wa mpira wa baiskeli,
ikaingia kwa mlio mdogo, tk,
kama kifuniko cha kalamu.

Akainua. Akakaa kimya muda wa kuchosha.
Kisha akasoma kibao chote kwa sauti,
hadi namba ya simu, hadi jina la mchoraji pembeni
ambalo mimi, miaka sita kwenye dirisha hili, sikujua lipo.
"Ndaga fijo." Akalipa, nusu fedha, nusu mchele wa Kyela.
Na filamu mle ndani haikujua lolote:
nuru inaingia kwa njia yake ileile ya zamani.
Aliyerekebishwa ni mwanadamu tu.

Habari ikashuka hadi Kiwira.
Wiki ya pili akaja mwanamke, Tupokigwe,
na picha katikati ya daftari: mume wake,
suti ya kuazima, moja ya zile za miaka miwili.
Hana nyingine. Hatapata nyingine.
"Nimesikia unaweka kioo, vitu vinang'aa.
Na hii?"

Nilifungua droo. Sijui kwa nini nilifungua droo.
Nikaweka lenzi ya mbili juu ya uso ule, nikaweka ya tatu;
ukungu ukawa mkubwa zaidi, basi.
Nikamweleza: kilichopotea kilipotea siku ile, kwenye filamu.
Hakina namba.

Hakulia. Akaiegemeza picha kwenye ubao wangu wa herufi,
akarudi nyuma, hatua moja, mbili,
mpaka mgongo ukagusa mlango,
na kutoka pale, macho ameyakunja kidogo,
"Huyo," akasema.
"Huyo hapo. Usiisogeze kwanza."