Tungule na Boflo la Juzi

Kongowea, sokoni, wanaziita nyanya.
Ukivuka daraja ukaingia Kibokoni ni tungule,
na nyanya ni mamake mama, haliwi:
ndivyo alivyonisahihisha Bi Mwanakombo
siku niliyorudi na Kiswahili cha shule.

Nimenunua fungu la mwisho, la magharibi,
zilizopasuka, zilizobonyea,
zilizoshinda chini ya kreti zikibebeshwa nyinginezo.
"Za mchuzi hizi," akanambia muuzaji,
akanitilia mbili zaidi bila kuombwa;
kesho zingekuwa za nzi.
Boflo ninalo kabatini. La juzi.
Ukiligonga mezani lapiga hodi.

Chakula chenyewe kilikuja na babu.
Athmani alikuwa mpishi nyumba za reli,
kwa Mzungu mmoja wa hesabu za mizigo
aliyetamani kwao kila Jumapili:
tungule za kuchemsha, mkate wa kukatwakatwa,
siagi, sukari vijiko vinne, kisha ndani ya oveni
mpaka uso ufanye gamba la hudhurungi.
Kilichosalia babu alikibeba nyumbani, kimefunikwa kawa.
Bibi akaonja kwa ncha ya kidole.
"Hiki," akauliza, "ni mchuzi uliopotea njia,
au ni halua isiyofunzwa adabu?"

Kesho yake akakipika upya.
Samli badala ya siagi. Vitunguu
vikaangwe mpaka vilegee, vinyamaze.
Pilipili manga ya kutwanga papo hapo.
Oveni hakuwa nayo; alikuwa na sufuria la shaba,
makaa chini kidogo, makaa juu mengi,
kifuniko kimejitwika moto kama mchukuzi wa bandarini.

Hakuandika kitu. Kipimo chake kilikuwa "hivi,"
na kiganja. Hivi ya chumvi. Hivi ya samli.
Ikifika sukari aligeuka, akatupa mgongo,
na tangu matanga yake wanawe hawajapatana:
Mjomba Shali aapa ni vijiko viwili,
Khalati Mishi asema hata chembe,
na Idi moja walinyamaziana
mpaka chai ikafanya utando.

Leo Khalati ameng'olewa meno matatu.
Kitu laini, alisema kwenye simu. Kitu cha mama.
Nikazitumbukiza tungule katika maji moto,
ngozi zikavuka zenyewe kama soksi za mtoto.
Boflo nikalirarua kwa mikono,
maana bibi alisema kisu hulifunga mdomo, halinywi.
Mkate, tungule, mkate, na maji yake yote,
chini palowe, juu pabaki pakavu.
Kopo la sukari nikalifungua.
Nikalifunga.

Na hapo stima zikapotea, mtaa mzima.
Oveni yangu ya mkopo ikawa kabati.

Nikashuka ngazi kwa Mama Riziki wa viazi karai,
nikaomba makaa mekundu, akanipa na koleo.
Nikapalia pale pale uchochoroni, gizani,
kifuniko kikiwa ndiyo taa.
Harufu ilianza kama siki,
ikawa kama udongo ulionyeshewa,
halafu ikawa kitu pua ilichokijua
na ulimi haukuwa na jina lake.
Watoto wawili wakaja wakachuchumaa, wasiulize.
Chini kikaungua kidogo. Sikukoroga.

Khalati alikula kwa kijiko cha chai,
upande wa kushoto, macho kayafumba.
Akakwangua hata ukoko.
"Kizuri," akasema. "Lakini sukari, mwanangu,
umezidisha. Mama hakuwa akitia."

Nilikuwa na la kusema.
Nikageuka, nikampa mgongo,
nikaloweka sufuria.