Nyufa Mia Tatu na Kumi na Mbili

Saa mbili asubuhi, Tartu, na giza la Januari bado liko dirishani.
Theluji imekalia baiskeli isiyo na mwenyewe.
Maarika Põldsaar anavua glavu kwa meno,
anawasha kompyuta. Ripoti imemtangulia kuamka:
mia tatu na kumi na mbili.

Wahenga walituachia neno, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakutuachia la pili, la kutuambia
nyufa zikiwa mia tatu na kumi na mbili
na mafundi wakiwa wawili, mmoja ana mafua,
tuanze na upi.

Programu ni ya hospitali.
Inapokea majibu ya maabara, damu, sukari, chumvi ya mwilini,
inayakimbiza wodini.
Wao wenyewe waliandika kurasa chache. Zilizobaki ni za kuazima:
maktaba iliyoegemea maktaba iliyoegemea maktaba,
kama unga ulioombwa kwa jirani
ambaye naye aliuomba kwa jirani yake,
na hakuna aliyeuliza kinu kiko wapi,
wala anayetwanga amekula nini.

Juu kabisa, nyekundu: tisa nukta nane.
Mkurugenzi Kivistik ameshaiona. Amesimama mlangoni na kikombe.
"Hiyo nyekundu," anasema. "Leo."
Maarika anashika uzi, anaufuata.
Nani anaiita hii? Na huyo anayeiita, anaitwa na nani?
Saa moja. Saa mbili. Kahawa imepoa.
Uzi unakatikia kwenye chumba kisicho na mlango,
msimbo wa kutuma faksi, haujaguswa
tangu mashine ya faksi ilipouzwa kwa bei ya vyuma chakavu.
Ni nyoka, ndiyo.
Lakini yumo chupani, na kizibo kimekazwa.

Anashuka. Anashuka tena. Mstari wa mia na themanini na nane,
njano iliyofifia, tano nukta tatu,
rangi ambayo macho huiruka kama jina la mtaa usioutafuta.
Maktaba ya kusoma tarehe. Ndogo, unaimaliza kwa kikombe kimoja.
Na kila anayebisha hodi kutoka nje
hupitia hapo kwanza, kabla hajaulizwa nywila.

Anajaribu kwenye mashine ya pembeni:
anaipa tarehe ya kijinga, tarakimu elfu sitini.
Seva inakaa kuihesabu
kama mlevi anayehesabu ngazi, akikosea, akirudi chini kuanza upya.
Dakika nne. Tano.
Maarika anamfikiria muuguzi wa ghorofa ya tatu
ameshika simu, akingoja namba moja tu.

"Hii ya njano," anamwambia Kivistik. "Leo."

Aliyeiandika anaishi Pelotas, kusini kabisa mwa Brazili,
Valdemiro Quintanilha, fundi wa majokofu.
Marekebisho ya mwisho: miaka minne iliyopita.
Anamwandikia kwa adabu, bila kumtisha.
Jibu linafika usiku:
"Niliitengeneza kwa ajili ya ratiba ya shule ya binti yangu.
Nilidhani siku hizi naitumia peke yangu."
Anamwambia ni programu elfu kumi na moja.
Kimya. Kimya kirefu, cha mtu anayetafuta kiti.
Kisha: "Nipe hadi Jumapili."

Hakumpa hadi Jumapili. Alishona kiraka mwenyewe,
akakituma, akasema angalia tu.
Valdemiro akaangalia. Akabadilisha mstari mmoja,
na alikuwa sahihi:
Maarika alisahau tarehe ishirini na tisa ya Februari.

Karibu na saa saba usiku kiraka kinaingia.
Kando ya ile nyekundu anaandika: haifikiki, nimekagua, M.P.
Anajua kesho ataulizwa tena.
Anajua pia kwamba ripoti hukua usiku kama ndevu,
kesho itakuwa mia tatu na kumi na nne.

"Huko kwenu kuna theluji?" Valdemiro anauliza,
sasa kwa kuwa kazi imeisha na hakuna anayetaka kuaga.
Maarika anasimama dirishani,
anapiga picha ya baiskeli.