Feni ya Tatu

Zihindula amepanga vyuma vyake juu ya kitenge
pale Kadutu, ngazi zinapopinda kuingia sokoni:
ubaomama, vijiti vya kumbukumbu,
prosesa iliyofungwa kwa gazeti kama kipande cha sabuni.
"Dada, beba hii. Ina mbio za kukamata mwizi."

Sitafuti mwizi.
Nataka kunasa pumzi ya Nsimire
kabla hajaimba, pale anapolamba midomo.

Nina dola mia na arobaini.
Noti moja imechanika pembeni
na Zihindula ameshaiona.

Nauliza: feni inalia?
Anacheka. Wateja huuliza bei, huuliza michezo.
Anaiunga kwenye betri ya pikipiki
nami nainamisha sikio kama mganga.
Ya kwanza, nyuki.
Ya pili, mjomba baada ya ugali.
Ya tatu, nyeusi, pana, nadhani imekufa.
Naweka kidole mbele yake:
upepo.

Hiyo.

Prosesa nachukua ya zamani, ijifunze kusubiri.
Kumbukumbu, gigabaiti nane;
nyingine mwezi wa saba, Mungu akiniona.
Noti iliyochanika anaikataa,
ndiyo maana kadi ya sauti ni ya kuazima.

Saa tisa usiku umeme unarudi.
Nsimire anasogelea maikrofoni,
mashine kimya
kama mdaiwa aliyesikia hodi,
analamba midomo,
na mvua ya Bukavu inashuka
juu ya mabati yetu yote.

Naunyoosha mkono nizime.
"Wacha," anasema. "Hii hatukulipia."