Fomu ya Karama

Fomu imeletwa na pikipiki ya mchungaji,
imekunjwa mara nne, inanuka petroli.
KARAMA ZA WASHIRIKA, MTAA WA KIGWE.
Safu nne: Wahubiri. Walimu. Waimbaji. Watoaji.
"Jaza, katibu, nirudi nayo jioni hii."

Wahubiri, nimeanza na Yonazi Chidawali:
treni ikipita katikati ya neno "neema"
huinua kidole, huyangoja mabehewa yote,
kisha huendelea na "neema" pale pale.
Waimbaji wamejaa hadi pembezoni;
sauti ya nne nimewapeleka nyuma ya karatasi.

Lakini Mbeleje nimweke wapi?
Msiba ukitokea, yeye hufika kabla ya majembe.
Haombi kwa sauti, hasomi, miwani hana.
Huketi na mfiwa, wakachambua mlenda
mpaka mikono ya mfiwa ikumbuke kazi yake.

Na Nhonya? Mwaka ule wa upepo,
bati zetu zimetawanyika shambani kwa Malogo,
alisimama mbele ya wazee akauliza:
"Fedha ya misumari iko wapi?"
Kanisa zima likatazama sakafu.
Wiki ya pili misumari ilipatikana.
Hadi leo wapo wasiompa mkono.
Hiyo nayo ni karama? Mimi naona ndiyo.
Fomu haioni.

Na Lechipya, asiyejua kuimba, hajui kabisa,
mwalimu wa kwaya humsihi aimbie moyoni.
Septemba, mto umebaki mchanga mtupu,
yeye ndiye ajuaye pa kuchimba.
Akichomeka fimbo, chimba hapo: utayakuta.
Watoto wanne wamebatizwa kwa maji hayo.
Mchungaji alipoyabariki
sote tuligeuka kumtazama Lechipya,
naye akavitazama viatu vyake.

Niseme na langu, maana karatasi ni yangu:
nilitaka kuhubiri.
Miaka sita nimekaa nyuma ya daftari
nikimwonea Yonazi wivu, hata kidole chake.
Nikahesabu sadaka, nikaandika waliokuja,
na wasiokuja nikawaandika pia,
na Jumatatu Mbeleje huja kuniuliza:
"Nani hakuonekana?"
Namsomea. Anafunga kanga, anatoka.
Sikuwahi kujiuliza anakokwenda
mpaka leo, kalamu mkononi.

Nimechora safu ya tano kwa ukingo wa sanduku la sadaka.
Kichwa chake sikujua niandike nini; kiko wazi.
Wino umekatika kwenye "Le" ya Lechipya.
Mjukuu wa Mbeleje kaniazima kalamu yake ya shule,
amesimama mlangoni, wayo mmoja juu ya mwingine,
anaisubiri, ana hesabu za kumaliza.

Huko nje pikipiki inawashwa.
Kabla sijamrudishia,
namwandika naye.