Fungate ya Siku Nne

Picha nilishazibandika jikoni:
Roma na nguzo zake, Praha na daraja lake,
Venisi imekaa majini kama mwali.
Visa ikachelewa, nauli ikaliwa na ukumbi wa harusi,
na bosi wako akakupa siku nne.

"Fungate ni saba," nikasema.
"Tatu utanidai," ukajibu, Muhanna,
ukipakia kwenye gari la kukodi
mkeka, ndoo ya barafu, na dele la kahawa la mama yako
ambalo mama yako hakukwambia ulichukue.

Nizwa, Ijumaa, soko la mbuzi.
Uliinua mkono kufukuza nzi,
dalali akauhesabu riali tisini.
Soko zima likacheka, nami nikiwamo;
mbuzi peke yake ndiye aliyekutazama kwa heshima.

Ngomeni, kwenye ngazi nyembamba,
mlinzi akatuonyesha tundu juu ya mlango:
hapa adui alimwagiwa asali ya tende, inachemka.
Nikageuka nikutanie.
Ulikuwa umeushika ukuta kwa viganja viwili,
jasho limekutota, macho umeyafumba.
Miezi minane ya uchumba
hukuniambia unaogopa kimo.

Bahla nilinunua mtungi.
Hukuupenda. Ulisema haukuupendi, ukasema tena,
ukasema na bei.
Kutoka pale hadi Jabrini si mbali,
ila tulinuniana, na hukutaka kuuliza njia,
ukapotea mara mbili,
kwa hiyo palikuwa mbali.

Jabrini kuna ghala la tende, chumba cha giza,
sakafu yake ina vijito vilivyochongwa.
Magunia yalipangwa moja juu ya jingine hadi darini,
na hakuna aliyekamua.
Uzito wenyewe ndio uliokamua:
la juu likamlemea la chini,
asali ikashuka, kidogo, kidogo,
ikaingia mtungini bila kelele.

Nilisimama pale hadi kundi la watalii likapita.
Ukaja nyuma yangu.
"Tungeuliza njia," ukasema,
kwa sauti ya mtu anayetoa sarafu ya mwisho mfukoni.
Sikukujibu. Nilikupa mtungi uubebe.

Ibra tulilala vibaya, kiyoyozi kikikoroma kuliko wewe.
Asubuhi tukapita kwenye majumba yaliyoanguka,
milango imekwenda, vizingiti vimebaki,
ukaniambia niingie kwanza, kwa mguu wa kulia,
nyumba isiyo na dari, isiyo na mtu.
Nikaingia. Sijui kwa nini nililia.

Sasa tuko Mabela. Mama yako ameliulizia dele.
Venisi bado iko jikoni, imerukiwa na mafuta ya sambusa,
na kando yake nimekubandika wewe
na mbuzi ambaye nusura awe wetu.

Siku tatu bado nakudai.
Usizilipe zote kwa pamoja.