Kitanzi

Katekista Bitaho alikuja na gunia la taa
kama mtu aliyebeba kuku aliyemfia njiani.
"Zilizimika mkesha wa mwaka jana, Fundi Mwamini,
katikati ya Gloria, zote,
toka mnarani mpaka kwenye hori la mtoto."
Nikaweka kando redio ya Rusimbi,
nikafungua kasha la kuongozea.

Ndani: shaba imeota ukungu wa kijani,
sisimizi wamekufa kwa safu,
kipande kimoja kimeungua, cheusi kama jino bovu.
Aliyelifunga alilifunga kwa moyo wote,
gundi kila pembe, utepe juu ya gundi,
nailoni juu ya utepe.
Ndiyo maana lilikufa.

Baba alinusa moshi wa risasi miaka arobaini pale Ujiji.
Maji, alisema, ni mwizi mwenye adabu.
Havunji mlango. Anaufuata waya polepole,
anashika hapa, anashika pale,
anabisha hodi na kujikaribisha mwenyewe.
Basi kabla waya haujaingia ndani, uache ushuke,
uning'inie chini kuliko mlango, ndipo upande tena.
Tone litafika bondeni,
litasita,
litaanguka.
Hatukuwa na jina la kitaalamu. Tuliita kitanzi.

"Sasa toboa kasha kwa chini," nikamwambia.
Akanitazama kama nimekufuru.
"Nitoboe? Na maji ndiyo tunayoyakimbia?"
Tundu dogo tu, la msumari.
Kasha nalo hupumua: mchana jua la Gungu hulichemsha,
usiku baridi ya ziwa hulibana,
na pumzi iliyokosa pa kutokea hugeuka jasho,
jasho hugeuka kutu.
Kilichozibwa kabisa huoza kwa maji yake mwenyewe.
(Hilo sikulijua kwa baba.
Nililijua kwenye miezi ya eda.)

Tukakata dumu la mawese likawa paa.
Kila kiungo nikakifunga kwa tyubu ya baiskeli,
nikakipaka nta ya mishumaa iliyobaki madhabahuni.
Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu,
vilivyoandikwa usile, nikatia vitatu.
Soketi juu ya tofali, tofali juu ya tofali.
Elfu kumi na tano.
Akatoa elfu nane na ahadi.

Mkesha, mvua ilitoka upande wa Kongo
ikivuka ziwa imesimama wima.
Nilikuwa barazani, isha nimeshaswali, kanga kichwani,
nikitazama kanisa ng'ambo ya bonde.
Nyekundu. Kijani. Nyekundu. Radi.
Kijani.
Mabati yalipiga makelele, kwaya siisikii,
nikawa navihesabu vitanzi kichwani:
kimoja mlangoni, viwili mnarani,
na kile cha hori. Nilikishusha vya kutosha?

Saa nne kasoro, giza.
Kanisani, kwangu, Gungu nzima.
Si maji. Umeme umekatika, kama kawaida yake.
Nikacheka peke yangu, halafu nikaacha.
Dumu la kufunika nguzo zote za mkoa
nani analo?

Saa tisa usiku ukimya uliniamsha.
Mvua imekoma, vyura bado hawajaamini.
Na kule juu, kanisa limefungwa,
watu wamelala, viatu vyao vya sikukuu vimejaa tope,
taa zimerudi zenyewe,
zinakimbizana, nyekundu, kijani,
zinamwakia mlinzi Sentore na mwavuli wake
na mbuzi mmoja asiyejulikana ni wa nani.
Hakuna iliyokosekana. Nilizihesabu.
Nilikaa nazo mpaka adhana.

Asubuhi Bitaho akaleta salio,
noti mbili, alizitia mfuko wa shati akapita mvuani.
Zimelowa chapa.
Nikazianika kwenye kamba, kwa vibanio,
pale kamba inapolegea kidogo katikati.